MAZUNGUMZO YA NYUMBANI: Mtoto Akiuliza Habari za Sokwe na Adamu



Mwezi huu nimekusudia kuwaandikia juu ya neno ambalo wazazi wengi huliogopa, na sisi walimu wa dini tulio wengi hulikimbia. Neno lenyewe ni hili: mtoto wa Kikristo akirudi kutoka shuleni, akasema ya kuwa amefundishwa elimu ya mageuko, yaani ya kwamba viumbe vyote, na mwili wa mtu pamoja navyo, vimetokea kwa kubadilika polepole tangu zamani zisizohesabika, je, tumjibu nini? Amwamini mwalimu wa shule, au amwamini mwalimu wa dini?

Nami naandika kwanza kama mtu anayetubu, kisha kama mwalimu. Maana neno hili nililikosea mimi mwenyewe, tena mbele ya watu.

Kosa langu

Hapa kwetu Kagunga mlima u nyuma yetu na ziwa li mbele yetu. Kaskazini ni mpaka wa Burundi. Kusini, ukishavipita vijiji vya ufukoni, utaona msitu wa Gombe, wanakokaa sokwe waliopata sifa duniani kote. Watoto wetu hukua wakisikia habari za sokwe hao kama vile watoto wa mahali pengine wanavyosikia habari za simba.

Kijana mmoja wa kigango chetu, ambaye sitamtaja jina, alikuwa mtumishi wa altare tangu utoto wake. Alijua kujibu kuliko wenzake wote, na siku nilipougua koo yeye ndiye aliyesoma masomo ya Jumapili. Babaye ni mvuvi wa dagaa. Aliuza wavu wake mmoja ili mwanawe apate nauli na vitu vya shule, akampeleka sekondari. Aliporudi likizo, Jumapili moja baada ya ibada, watu wakiwa wameketi chini ya mwembe wakizungumza, kijana akasimama, akaniamkia kwa adabu, akasema: "Mwalimu, shuleni tumefundishwa ya kuwa mwili wa mtu na mwili wa sokwe vina asili moja tangu miaka milioni nyingi. Nawe umenifundisha habari za Adamu tangu sijajua kusoma. Je, mmoja wenu ananidanganya?"

Basi, wapenzi, ningalimjibu kwa upole. Lakini niliona haya, kwa kuwa sikuwa na jibu. Na mtu asiye na jibu hutafuta fimbo. Nikamwambia, "Aliye na babu sokwe na apande boti aende Gombe akamwamkie." Watu wakacheka sana. Yeye hakucheka. Akaketi, akatazama miguu yake, na watu walipoondoka akaondoka bila kuniaga.

Jumapili iliyofuata hakuja. Wala ya pili hakuja. Likizo ikaisha, akarudi shuleni. Ikaja likizo nyingine, naye akawa mtu wa kukaa nyumbani saa ya ibada. Ndipo babaye aliponijia jioni moja kabla ya kuingia ziwani, taa zake za uvuvi mkononi, akaniambia: "Mwalimu, mimi sikusoma. Mtoto huyu ananiambia ya kuwa kanisa linaiogopa shule. Nikamwambia si kweli. Je, nimemwambia uongo?"

Neno lile lilinichoma. Padre alipokuja kututembelea nikamweleza yote, nikidhani atanisifu kwa kuilinda imani. Akaniuliza swali moja tu: "Kijana alikuuliza habari za sokwe, au alikuuliza habari za kweli?" Sikuweza kujibu. Akanipa vitabu, nami nikavisoma masika mbili, usiku kwa usiku. Haya ninayowaandikia ni matunda ya kusoma huko.

Wenye elimu wanasema nini?

Kwanza yatupasa kujua wenye elimu wanasema nini, maana wengi wetu hushindana na neno ambalo hakuna aliyelisema. Hawasemi ya kwamba sokwe fulani wa Gombe alimzaa mtu, wala ya kwamba sokwe wa leo watageuka kesho kuwa watu. Wasema ya kuwa mtu na sokwe ni kama wajukuu wa babu mmoja wa mbali sana, ambaye hakuwa sokwe wa leo wala mtu wa leo. Na ya kuwa tangu koo hizo mbili zilipoachana imepita miaka kama milioni 6 au 7.

Wakiulizwa, "Mabadiliko hayo yalikujaje?" hutoa mfano ambao kila mkulima aujua. Mwenye shamba la michikichi huchagua mbegu za mti uliozaa vema, akaziacha za mti mbaya. Na baada ya vizazi vingi shamba lake halifanani tena na michikichi ya porini. Mwingereza Charles Darwin alisema ya kuwa hata pasipo mkono wa mkulima, mambo ya dunia yenyewe huchagua vivyo hivyo. Viumbe huzaa watoto wengi kuliko wanaoweza kuishi. Watoto hao hawafanani sawasawa. Na yule aliye na umbo linalofaa mahali pake hupona njaa, ugonjwa na adui, akazaa, akawarithisha watoto wake umbo lile. Kidogo kidogo, kwa muda mrefu mno, aina moja huweza kuwa aina nyingi.

Mawazo hayo ya Darwin, pamoja na ya mwenzake Alfred Russel Wallace, yalisomwa mbele ya wataalamu wa London tarehe 1 Julai 1858. Mwaka ule ule, mwezi wa Februari, Burton na Speke walikuwa wamefika Ujiji wakaliona ziwa letu. Kisha mwaka 1871, mwaka ambao Stanley alimkuta Livingstone hapo hapo Ujiji, Darwin alitoa kitabu chake juu ya asili ya mtu. Humo alikisia ya kuwa mababu wa kwanza wa watu walikaa Afrika kuliko mahali pengine po pote, kwa sababu sokwe na gorila, walio karibu na mtu kwa umbo, ni wa Afrika. Wakati ule hakuwa na hata mfupa mmoja wa kale kutoka Afrika wa kumshuhudia.

Mifupa ikaja baadaye, tena katika nchi yetu. Tarehe 17 Julai 1959, Bi. Mary Leakey aliona fuvu katika bonde la Olduvai, na wapimaji wakasema umri wake ni miaka 1,750,000 hivi. Mwaka 1978, huko Laetoli, yeye na wenzake walifunua nyayo za viumbe waliotembea kwa miguu miwili juu ya majivu ya volkano, miaka milioni 3.6 iliyopita. Mumewe, Louis Leakey, alizaliwa mwaka 1903 Kabete, katika Kenya, mwana wa wamisionari. Na ujanani mwake alifikiri naye awe mmisionari. Ndiye aliyemtuma Jane Goodall Gombe. Binti huyo alifika tarehe 14 Julai 1960, pamoja na mama yake, na kabla mwaka haujaisha alimwona sokwe akichuma kijiti, akikiondoa majani, akikitia ndani ya kichuguu, kisha akikitoa kimejaa mchwa na kuwala. Hata siku hiyo wataalamu walikuwa wakisema ya kuwa ni mtu peke yake atengenezaye chombo cha kazi. Bi. Goodall alifariki tarehe 1 Oktoba 2025, mwenye umri wa miaka 91, na hata mwisho alisema wazi ya kuwa elimu yake haikumwondolea imani ya kuwapo kwa nguvu ya kiroho inayotupita sisi.

Lakini mvuvi wa Kagunga hana haja ya kwenda Olduvai. Ziwa letu lina kina cha mita 1,470, na wataalamu hukadiria umri wake kuwa miaka kati ya milioni 9 na milioni 12. Ndani yake mna aina kama 250 za samaki wa jamii moja na kuhe na perege, na karibu wote hawapatikani katika ziwa jingine lo lote. Mmoja wao ni mdogo, naye hula magamba ya samaki wengine wakiwa hai. Wengine wa aina hiyo midomo yao imepinda upande wa kulia, na wengine upande wa kushoto. Aliyepinda kulia huvamia ubavu wa kushoto wa samaki, na aliyepinda kushoto huvamia ubavu wa kulia. Mjapani Michio Hori aliwachunguza muda wa miaka mingi, akatoa habari zao mwaka 1993. Aliona ya kuwa waliopinda kulia wakizidi, samaki wanaoliwa hujilinda zaidi ubavu wa kushoto. Hapo waliopinda kushoto hushiba na kuzaa zaidi, mpaka nao wazidi, kisha mambo hugeuka tena. Mizani hiyo ya kuchagua hufanya kazi chini ya mitumbwi yetu kila siku, nasi hatuna habari.

Na akina mama wa umri wangu wanaikumbuka klorokwini. Zamani kidonge kile kichungu kiliponya homa ya malaria. Walakini katika vijidudu vya malaria walikuwamo wachache ambao dawa haikuwaweza. Wenzao wakafa, wao wakabaki, wakazaa, hata wakajaa nchi. Kwa hiyo mwaka 2001 serikali ya Tanzania iliiacha klorokwini ikachagua dawa nyingine, na mwaka 2006 ikachagua dawa ya mseto. Watoto wengi walizikwa kwa sababu vijidudu viligeuka. Mtu akisema ya kuwa viumbe havibadiliki kabisa, na aulize katika zahanati.

Sisi tunaamini nini?

Sasa tuje kwa imani yetu. Swali la kwanza tunalowafundisha watoto ni, "Nani aliyekuumba?" Nao hujibu, "Mungu aliniumba." Jibu hilo ni kweli tupu. Lakini nauliza kila mama: je, mtoto wako alishuka kutoka mbinguni katika kapu? Alianza tumboni mwako kama chembe isiyoonekana kwa macho. Wakati mmoja hakuwa na mikono. Wakati mwingine moyo wake ulikuwa kama punje ya mtama. Alikaa miezi tisa akibadilika siku hata siku, na mkunga aweza kukueleza kila hatua. Wala hakuna Mkristo asemaye, "Kwa kuwa mtoto alikua polepole, tena kwa njia inayojulikana, basi si Mungu aliyemwumba." Ikiwa Mungu hapunguziwi utukufu na miezi tisa, hatapunguziwa na miaka milioni tisa.

Tena tazameni kitabu cha Mwanzo kinasema mtu alifanyizwa kwa kitu gani. Hakisemi dhahabu, wala nuru, wala kitu cha mbinguni. Chasema mavumbi ya ardhi. Nami niliyemcheka kijana yule kwa ajili ya babu sokwe, sikukumbuka ya kuwa kila Jumatano ya Majivu hupakwa majivu kichwani nipate kukumbuka asili yangu! Mavumbi na mnyama, kipi kimezidi heshima? Heshima yetu haikutoka katika udongo tuliofinyangiwa. Yatoka kwake Yeye aliyetupulizia pumzi, akatufanya kwa mfano wake, tuweze kumjua na kumpenda.

Mtu atasema, "Lakini Maandiko yametaja siku sita." Ni kweli. Naye Mtakatifu Augustino, Mwafrika wa kaskazini, aliyeishi tangu mwaka 354 hata 430, alilitafakari neno hilo miaka 1,400 kabla ya Darwin. Aliona ya kuwa jua lenyewe latajwa siku ya nne. Basi siku tatu za kwanza zilipimwaje? Hakudhani zilikuwa siku kama hizi zetu. Alifundisha pia ya kuwa Mungu alitia ulimwenguni tangu mwanzo nguvu zilizofichika kama mbegu, zitokee kila moja kwa wakati wake. Sisemi Augustino aliijua elimu ya mageuko, hakuijua. Nasema ya kuwa hakuona haya kuyasoma Maandiko kwa akili. Tena aliwaonya Wakristo wasiseme ovyo juu ya mambo ya mbingu na nchi mbele ya watu wanaoyajua. Kwa maana wakisikika wamekosea katika mambo hayo, nani atawasadiki wakisema habari za ufufuko? Nilipoyasoma hayo niliona kana kwamba mzee yule alikuwapo chini ya mwembe wetu siku ile.

Wala Kanisa halikuwaacha Wakristo gizani. Mwaka 1950 Papa Pius XII aliandika ya kuwa si haramu kwa wenye elimu kuchunguza kama mwili wa mtu ulitokana na kiumbe hai kilichotangulia, mradi tushike ya kuwa roho ya kila mtu huumbwa na Mungu mwenyewe. Aliwaonya pia wasiharakishe kuufanya uchunguzi kuwa neno lililokwisha kuthibitika. Miaka 46 baadaye, Oktoba 1996, Papa Yohane Paulo II aliwaandikia wataalamu wa Roma ya kuwa ushahidi umeongezeka, na elimu hii sasa si dhana tu. Tena sheria za urithi, yaani jinsi mtoto anavyopata umbo la wazazi wake, ambazo elimu ya mageuko haiwezi kusimama bila hizo, zilivumbuliwa na mtawa, Gregor Mendel, aliyepanda njegere katika bustani ya monasteri na kutoa habari zake mwaka 1866. Alikuwa akisali asubuhi na kuhesabu njegere mchana, wala hakuona ugomvi kati ya kazi hizo mbili.

Maswali mawili si swali moja

Wazee wenzangu mnaikumbuka Mei 2015, jinsi ndugu zetu wa Burundi walivyoukimbia ugomvi wa nchi yao, wakajaa ufuko wa Kagunga kwa makumi ya maelfu, wakingoja meli ya Liemba iwapeleke Kigoma. Kipindupindu kikaingia, na watu wapatao 30 wakafa. Siku zile palikuwa na maswali mawili. La kwanza, "Ugonjwa huu umetoka wapi?" Waganga walijibu: vijidudu vimo majini, chemsheni maji, chimbeni vyoo. La pili, "Mtu huyu asiye ndugu yangu, anayelala mbele ya mlango wangu, ni nani kwangu?" Swali hilo darubini haikuweza kulijibu. Injili ililijibu. Aliyeshika jibu la kwanza akatupa la pili, aliyachemsha maji akafunga mlango. Na aliyeshika la pili akatupa la kwanza, alimkaribisha mgeni akamnywesha mauti. Tulihitaji yote mawili.

Ndivyo ilivyo habari ya asili yetu. Elimu huuliza, "Mwili wa mtu ulitokea kwa njia gani, na kwa muda gani?" Imani huuliza, "Nani aliyeutaka, na kwa kusudi gani?" Mtaalamu akisema, "Nimeona njia, basi hakuna Mungu," ametoka katika kazi yake. Na katekista akisema, "Namjua Mungu, basi mifupa ya Olduvai ni uongo," naye ametoka katika yake.

Kuna jambo jingine nisilopenda kulificha, maana ndilo huwafanya wengi wetu tuchukie hata kuisikia elimu hii. Watu wengine waliitumia kututukana sisi Waafrika. Septemba 1906, mtu wa Kongo aitwaye Ota Benga aliwekwa katika nyumba ya nyani ya bustani ya wanyama ya Bronx, mji wa New York, maelfu ya watu wakaja kumtazama. Wachungaji weusi wa mji ule, wakiongozwa na James H. Gordon, walilalamika mpaka akatolewa. Lakini jeraha la moyo halikupona. Mwaka 1916 alijiua. Walimu, mkiona mzee anakasirika akisikia neno "sokwe" karibu na neno "mtu," msimcheke. Ana sababu.

Walakini tukumbuke ya kuwa aibu ile haikutoka katika mifupa, ilitoka katika mioyo. Na elimu yenyewe ilipoendelea iliwageukia wenye kiburi. Maana leo wataalamu wasema ya kuwa watu wote wa dunia, Mzungu na Mhindi na Mchina, mababu zao walitoka Afrika, nasi sote ni jamaa moja. Paulo alilihubiri neno la namna hiyo Athene, ya kwamba Mungu amewafanya mataifa yote kutoka kwa mmoja. Waliomfungia Ota Benga walikuwa wamemfungia ndugu yao.

Mambo yaliyo magumu bado

Msidhani, wapenzi, ya kuwa sasa kila fundo limefunguka. Yako mawili ambayo mtoto mwenye akili atayauliza.

La kwanza ni habari ya dhambi ya asili. Ikiwa mwili wetu umetoka mbali hivyo, Adamu yu wapi? Mimi nafundisha hivi. Kati ya mwaka 1974 na 1978 sokwe wa Gombe, waliokuwa kundi moja kisha wakagawanyika, waliwaua wenzao mmoja mmoja, na Bi. Goodall alihuzunika sana, kwa kuwa alikuwa akiwadhani wapole kuliko sisi. Sokwe wale hatuwaiti wenye dhambi, kwa sababu hawakupewa amri. Lakini katika njia ile ndefu ilifika siku ambayo kiumbe mmoja alijua sauti ya Mungu, akaweza kuitii, asiitii. Mifupa haiwezi kutuambia ilikuwa siku gani, kwa maana utii na uasi haviachi alama katika mifupa. Kitabu cha Mwanzo ndicho kinachotuambia, kwa namna ya hadithi ya bustani na mti. Na kila mtu mwenye kuichunguza dhamiri yake jioni aijua hadithi hiyo kuwa kweli.

La pili ni gumu zaidi: uchungu na mauti vilivyokuwapo kabla ya mtu. Kwa nini Mungu mwema achague njia yenye samaki kumla mwenzake, na aina ngapi za viumbe kupotea kabisa? Paulo awaambia Warumi ya kuwa uumbaji wote unaugua kama mwanamke mwenye utungu. Utungu si uchungu wa bure. Mwishowe huja mtoto. Nami namtazama Kristo msalabani, naona ya kuwa Mungu hakusimama mbali na uchungu huo. Zaidi ya hapo mimi hunyamaza, wala sioni aibu kunyamaza.

Shauri kwa wazazi na walimu

Ninyi wazazi, mtoto akirudi na swali, msimwogope na msimpige. Anayeuliza bado yumo nyumbani. Mwogopeni yule aliyeacha kuuliza. Kama hamjui, semeni, "Hatujui, twende tukamwulize mtu," kisha mwende kweli.

Ninyi walimu wa shule mlio Wakristo, fundisheni somo lenu lote bila kulipunguza, maana kumpa mtoto nusu ya elimu ni kumwibia. Lakini msiongeze neno ambalo somo halina, la kusema Mungu ameondolewa.

Nanyi makatekista wenzangu, tusiwafunge watoto kamba ya kuchagua kati ya shule na kanisa. Tukiwafunga, wengi watachagua shule, nasi tutasema wamepotea, kumbe tumewasukuma.

Yaliyotokea baadaye

Nilipokwisha kusoma nilitaka kumwendea kijana kwa siri. Padre akaniambia, "Ulimwaibisha mbele ya watu, mwombe radhi mbele ya watu." Basi Jumapili moja baada ya ibada nikasimama mahali pale pale chini ya mwembe, nikawaambia watu ya kuwa nilitenda vibaya, na ya kuwa swali la kijana lilikuwa jema kuliko jibu langu. Hakuna aliyecheka. Kijana hakuwapo, lakini babaye alikuwapo. Akaja akanishika mkono, asiseme neno, akaenda zake.

Pasaka iliyofuata kijana alikuja. Aliketi nyuma kabisa, karibu na mlango, wala hakukaribia altare. Watu walipotawanyika alibaki, akanijia, akaniuliza: "Mwalimu, na wale waliotembea Laetoli, Kristo aliwafia wao pia?"

Nikamwambia, "Sijui, mwanangu. Keti tusome."

Akaketi. Tulisoma mpaka jua likawa juu ya milima ya Kongo ng'ambo ya pili, na babaye akaja kumwita washushe mtumbwi. Tangu siku hiyo huja kila likizo. Mezani pa Bwana hajarudi bado, nami simharakishi. Namwombea, nanyi nawasihi mmwombee.

Mwezi ujao, Mungu akipenda, tutazungumza juu ya gharama za arusi na madeni yanayofuata.

Ni mimi ndugu yenu katika Kristo,
Katekista wa Kagunga.